Bibi Harusi Haongei Majini

Shangazi alitoa sheria hiyo tukiwa bado kwenye treni, hata Urambo hatujafika.

"Ukishaingia kwenye mashua ya mkweo, mdomo unafungwa," alimwambia dada. "Hata nzi akikuingia puani, kimya. Mpaka mzunguke kisiwa chote na mguu wako ukanyage mchanga tena. Ukitoa neno kabla ya hapo watasema umekuja kuitawala nyumba kwa ulimi, na jina hilo hulivui mpaka kaburini."

Dada akacheka. "Kama shida ni kunyamaza, si wangemwoa huyu?" Akaninyooshea kidole.

Watu wa behewa wakacheka, nami nikageukia dirishani nikajifanya natazama miombo. Ni kweli mimi siongei. Nipo kidato cha pili, na kila muhula mwalimu wa siasa huandika kwenye ripoti yangu kwamba sishiriki. Majibu ninayo, lakini yakifika kooni yanageuka. Dada ni kinyume changu. Huongea akila, huongea akichana nywele, na nyumbani Kanyenye majirani wakitaka kujua kama amerudi sokoni husikiliza tu. Kwa hiyo watu walipocheka mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kama atauweza ukimya huo.

Alikuwa anaolewa na kijana wa kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, mbele ya Kipili. Kijana huyo alikuja Tabora kusomea ualimu, akawa analeta suruali kupunguzwa kwenye cherehani ya baba, mpaka baba akaanza kujiuliza ni suruali gani hiyo isiyoisha kupunguzwa. Ndoa ilifungwa nyumbani. Lililobaki lilikuwa kumsindikiza bibi harusi kwa mumewe, na kwetu wazazi hawasindikizi. Tukaenda shangazi, mjomba na mimi.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, mfuga nyuki wa Ipole. Ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na ndiye pekee katika ukoo wetu anayeweza kuongea nami bila kunidai jibu. Alibeba madebe ya asali na vipande vya nta vikubwa kama matofali, kwa sababu watu wa kule huchanganya nta na mawese kuzibia nyufa za mashua zao. Kigoma tulipopanda meli ya kwenda kusini, niligundua jambo ambalo sikuwa nalijua: mjomba anaogopa maji. Alikaa katikati kabisa ya sitaha juu ya gunia, mgongo ameupa ziwa, na kadiri meli ilivyoyumba ndivyo alivyozidi kutoa vichekesho kwa sauti.

Tulipofika kisiwani, vijana waliokuwa kwenye mawe ya kutilia nanga walipiga kelele mara walipotuona. "Wapagazi wa Unyamwezi hao! Mizigo mmeitua wapi?"

"Mzigo ndio huu!" mjomba akawajibu, akimwonyesha dada. "Tumechoka kuubeba, sasa zamu yenu!"

Wakapiga vigelegele kama wanawake. Watu wa pale na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukania hata babu yako aliyekufa na hukasiriki. Shughulini ana ruhusa ya kuchukua chochote cha upande wa pili na kukificha mpaka akombolewe kwa jogoo. Walio upande wake hawaruhusiwi kumtoa siri, wala walioibiwa hawaruhusiwi kununa. Mjomba alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu barua ya posa ilipokuja.

Tulikuta kisiwa kimejaa. Kila mwaka, upepo wa kusini unapokuwa mkali, mashua za vijiji vyote vya mwambao ule hupandishwa kwenye mchanga wa bandari hiyo kwa sababu imekingwa na mlima. Watu hukaa hapo na familia zao, wanatoa pamba ya zamani kwenye nyufa, wanatia mpya, wanapaka mafuta. Kazi ikiisha, mashua zote hushushwa siku moja, maana chombo kizito hakisukumwi na wenyewe tu. Leo mimi kwako, wewe kwangu. Na kama mwaka huo kuna mke mgeni, yeye hupanda mashua ya kwanza pamoja na wanawake wa nyumba ya mumewe, azungushwe kisiwa.

Lakini mwaka ule watu walikuwa na nyuso ngumu. Bwana mmoja wa serikali alikuwa amefika kabla yetu na kutangaza kwamba baada ya mavuno wote wahamie ng'ambo, kwenye kijiji cha ujamaa, ambako kutakuwa na shule na zahanati. Wapo waliofurahi. Shemeji mwenyewe, yule mwalimu, alisema zahanati ni kitu kikubwa. Baba yake, nahodha mkubwa wa pale, hakubisha. Alisema tu kwamba kama hii ni mara ya mwisho kushusha vyombo hapa, basi kila kitu kifanyike kama kilivyofanywa na waliotangulia, bila kuruka hata kimoja. Alipoyarudia maneno hayo alimtazama dada, na dada akaacha kutafuna.

Siku moja kabla ya kushusha, wasichana wa nyumba ile walinichukua tukasafishe ndani ya mashua ya nahodha. Tulimwaga maji na majivu, tukasugua mbao, na uchafu wote ukatokea chini, kwenye tundu lililokuwa upande wa nyuma, karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Niliinama nikachungulia. Maji yalikuwa yanatoka kama ya bomba.

"Hapo panazibwa na hiki," msichana mmoja akaniambia, akanionyesha kijiti kinene cha mninga kilichochongwa ncha. "Nguruzi. Ukikisahau, unarudi kwa kuogelea."

Kesho yake asubuhi nahodha alikipigilia mwenyewe kutokea nje, akasoma dua, akazunguka mashua akiigonga kwa kiganja. Halafu watu wakaenda kula. Jua lilikuwa kali, na mjomba akajilaza kwenye kivuli chini ya ubavu wa ile mashua, kofia usoni. Nilimwona. Sikuwaza kitu. Mtu mzima ameshiba, amelala.

Baada ya kula waliisukuma. Siwezi kuieleza vizuri sauti ile, wanaume wote wanaimba kwa pamoja, magogo yanalia chini ya mkuku, na chombo kikubwa hivyo kinaanza kwenda taratibu kama ng'ombe anayekataa. Kikaingia majini. Mama mkwe wake dada akapanda na wanawake wa nyumba yake, kisha wakampandisha dada, amefunikwa khanga kichwa hadi kiuno. Wakamkalisha chini kwenye mkeka, upande wa nyuma. Nahodha akashika usukani, vijana wawili wakavuta kamba, tanga likajaa. Shemeji alibaki nchi kavu. Sheria inasema bwana harusi humsubiri mkewe palepale alipoondokea.

Mashua ilikuwa imeshaufikia mlango wa bandari mjomba aliponijia kwa nyuma. Alikuwa anatabasamu mpaka macho yamefungana. Akaufunua mfuko wa koti lake kidogo.

Ndani yake mlikuwa na kijiti cha mninga, kimechongwa ncha.

"Leo jogoo hatoshi," akaninong'oneza. "Leo watatoa mbuzi."

"Mjomba. Pale chini umeweka nini?"

"Unaniona mjinga? Nimeziba. Gunzi la mahindi, nikalizungushia kitambaa, nikapaka nta. Tangu sijaoa naziba madebe ya asali kwa gunzi, halijawahi kunivujia hata tone. Asali haipiti, maji yatapita wapi?"

Na aliamini. Hilo nataka nilieleze hapa kwa sababu shangazi baadaye alisema mengine. Hakuwa mlevi wala hakuwa na chuki na mtu. Kwake yeye kitu kizito kama asali kikishindwa kupita, chepesi kitashindwa zaidi. Lakini mimi nimebeba maji ya shule kutoka kisimani kwa kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, na mgongo wa shati langu siku zote huwa umelowa. Gunzi likikaa na maji hulainika kama mkate.

Nilitazama ziwani. Mashua ilikuwa imetoka nje ya mlango, kwenye mawimbi, na tanga lililala upande mmoja. Dada hajui kuogelea. Sisi tumekulia Kanyenye, maji yetu makubwa ni ya pipa.

Shemeji alikuwa kwenye kundi la wanaume waliokuwa wanapanga magogo ya mashua ya pili. Nilienda. Nilisema "Shemeji," na sikujisikia hata mwenyewe. Nikasema tena, nikamshika mkono wa kanzu.

"Ee, shemeji yangu! Leo umeongea!"

Wenzake wakacheka. Nilijua lazima nilitaje lile neno, neno la jana, na lilikuwa limenitoka kichwani kabisa. "Mjomba amechukua kitu," nikasema. "Cha mashua."

"Mtani ameshaiba!" mmoja akapiga kelele. "Amechukua nini? Kamba? Kopo?"

"Kijiti. Cha chini."

"Binti, nyamaza wewe," mzee mmoja akanikemea huku anacheka. "Humtoi siri mjomba wako, ni wa upande wako. Utatozwa jogoo wewe."

Mjomba alikuwa ameshaona. Akaja akiinua mikono juu kama mtu wa mnadani. "Wavua dagaa nyie! Mmelala, nimewaibia! Sisemi ni nini, leteni mbuzi kwanza!"

"Mbuzi wa nini, mpagazi wewe? Utapata mkia!"

"Mkia wa babu yako!"

"Shusha bei, mtani, shusha bei! Tukupe kuku wa mayai!"

Walikuwa wanafurahi. Kwa siku zote tulizokaa pale sikuwa nimewaona wanafurahi hivyo. Shemeji alikuwa anacheka hadi ameshika magoti. Na juu ya mabega yao nililiona tanga linazidi kuwa dogo, linaelekea kwenye jabali la kichwa cha kisiwa.

Nilitia mkono kwenye mfuko wa mjomba.

Mpwa hatii mkono mfukoni mwa mjomba wake. Hata baba yangu hawezi kuutia. Mjomba alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, bado anatabasamu kwa sababu watu walikuwa wanatazama, lakini macho yake yalikuwa yananiuliza nimepatwa na nini. Nilivuta. Mfuko ukachanika. Nikakiinua kile kijiti juu, na sikusema neno lolote.

Kicheko kiliisha kuanzia mbele kwenda nyuma. Waliokuwa mbele walikiona kwanza, walio nyuma wakaendelea kidogo kucheka, halafu wakanyamaza nao.

"Hiyo nguruzi ya nani?" shemeji akauliza. Ilikuwa mpya, haijashika uchafu, na mashua iliyokwisha kushushwa ilikuwa moja tu. Hakungoja jibu. Alianza kukimbia huku anavua kanzu.

Mashua ya pili ilikuwa bado juu ya mchanga. Waliburuta mtumbwi mmoja, wakaruka ndani wanaume wanne na makasia, shemeji akiwa mmoja wao. Wengine wakakimbilia kwenye mawe ya mlango wa bandari, wakapiga kelele na kupunga mashuka. Sisi wengine tukapiga kelele pia. Na kutoka kwenye mashua wale wanawake wakatujibu kwa vigelegele. Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kutupigia vigelegele na kupunga khanga zao, kwa furaha, mpaka jabali likawaficha.

Hapo ukabaki upepo tu.

Shangazi alikaa chini mchangani, miguu mbele kama mtoto, akaanza kumtaja Mungu. Mjomba alisimama kando yangu. Mfuko wake ulikuwa unaning'inia.

"Linashika," alisema. "Gunzi linashika, mwanangu. Nta ile ni safi."

Mtumbwi nao ukapotea nyuma ya jabali.

Yaliyotokea upande wa pili nimeyapata kwa dada, na nikiyaandika namsikia anavyoyaeleza. Anasema walipotoka tu nje ya mlango alihisi baridi chini ya nyayo. Akajua ni maji, lakini akadhani mashua ndivyo zilivyo. Hata meli tuliyoijia ilikuwa na maji sakafuni. Halafu mkeka ukaanza kuelea. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa chini, wenzake wamekaa juu ya mbao, miguu wameikunja, wanaimba. Nahodha alikuwa anatazama tanga na jabali, kwa sababu kupita pale kwenye upepo wa kusini hakuhitaji mzaha. Vijana walikuwa mbele na kamba.

Akamfinya mama mkwe wake paja.

Mama mkwe akainama, akamwekea mkono kichwani juu ya khanga. "Lia tu, mwanangu. Sote tulilia."

Akamfinya tena, kwa kucha. "Pole, pole. Utazoea."

Anasema maji yalipofika kwenye goti alianza kuomba mtu yeyote ageuke na kutazama chini. Hakuna aliyegeuka. Akawaza jina lile la ulimi, ambalo halivuliwi mpaka kaburini. "Halafu nikaona," anasema dada, "kaburi lenyewe lipo karibu kuliko jina."

Akaifunua khanga usoni. Lakini alipomwona nahodha ana kwa ana, akakumbuka kwamba siku ile nzima hakuwa amemwamkia, kwa sababu asubuhi walikuwa wanampamba. Na adabu haikumruhusu aanze na jambo lingine.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba," nahodha akajibu kwa mazoea, macho kwenye jabali. Ndipo akashtuka kwamba bibi harusi ameongea, akateremsha macho kumtazama, na akaona mahali alipokaa.

Dada anasema hakuwahi kuona mzee anageuza chombo namna ile. Tanga lilipiga kelele kama bati. Kurudi bandarini ilikuwa haiwezekani, upepo ulikuwa unawasukuma mbele, kwa hiyo akaielekeza kwenye ufuko mdogo wa mawe nyuma ya kisiwa, ambako hakuna mtu anayetia nanga. Wanawake walimwaga ziwani masufuria ya pilau waliyopanda nayo, wakaanza kuchotea maji. Mkeka ulipoinuliwa, likaibuka gunzi, likaelea katikati yao na kitambaa chake kinaburuta. Mama mkwe akaliokota. Hakuna aliyeelewa. Walichota mpaka mashua ikagonga mawe na kukaa upande, wakaruka, maji kifuani, wameshikana khanga.

Sisi huku tulikuwa bado tunatazama ziwa. Ni mtoto mmoja aliyegeuka. Walikuwa wanashuka mlimani, nyuma yetu, kwa miguu, wote wamelowa. Shemeji alikuwa mbele na kifua wazi, damu kwenye magoti. Dada alikuwa nyuma yake, kichwa wazi, hina yake yote imetapakaa matope. Nilimhesabia hatua zake kwa macho mpaka nilipoweza kumshika. Alikuwa anatetemeka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema.

Nahodha alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya mjomba. Mama mkwe alikuwa kando yake na lile gunzi mkononi. Mjomba alikuwa amekwisha kuelewa. Mtu mkubwa kama yule alikuwa amekuwa mfupi.

Nilijua sheria, kila mtu pale aliijua: mtani hakasirikiwi. Lakini nilimwona nahodha mshipa wa shingo unampiga, na niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati mashua imepotea.

"Mtani," nahodha akasema.

"Naam, mtani."

"Jogoo wako unamtaka wa rangi gani?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba akavua kofia. "Sitaki jogoo," akasema. "Nipigeni."

"Utani ni utani. Umechukua chetu, tunakomboa." Akageuka, akaagiza jogoo, akaletwa, akawekwa mikononi mwa mjomba. Jogoo mwekundu, anapiga kelele. Mjomba akamshika kama anavyoshikwa mtoto wa mtu, machozi yanamtoka. "Sasa," nahodha akasema, "na sisi tunachukua. Kesho mashua ikitengemaa, bibi harusi hajazunguka kisiwa, atazunguka. Na wewe tunakuchukua. Utakaa juu ya lile tundu. Wewe mwenyewe, makalio yako, mpaka mwisho."

Hapo mtu mmoja akacheka, kidogo, halafu wengine, lakini kilikuwa kicheko cha kutafutia pumzi.

Bibi mmoja akasema kutoka pembeni, kwa sauti ya kusikika, "Na aliyeongea majini je? Naye atazunguka kwa lipi, ameshaharibu."

Nilimshika dada kiuno.

Mama mkwe alikuwa anakamua khanga yake. Hakuinua kichwa. "Nani ameongea?"

"Si mkwe wako? Vijana wamesema."

"Mkwe wangu ameamkia. Kumwamkia mkwe ni kuongea? Kwenu hamwamkii?"

"Na hayo maji, nani aliyesema maji?"

"Nilisema mimi," akajibu mama mkwe. "Nani anataka kunitawalia ulimi?"

Hakuna aliyetaka.

Jioni ile dada aliniambia hapandi tena. Alisema yupo radhi arudi Tabora na miguu yake. Alisema baba atanuna kidogo, halafu atasahau. Mimi nilikuwa namfungua nywele zilizojaa mchanga. Nikamwambia nitapanda naye. Alinigeukia akanitazama, maana sikuwa nimeulizwa.

Kesho yake waliziba ubao uliopasuka kwa pamba na nta, nta ya mjomba, na nahodha akaipigilia nguruzi mbele ya watu wote. Mjomba alipandishwa. Upepo ulikuwa uleule. Alikaa chini juu ya mahali pale, mikono imeshika mbavu za mashua pande zote mbili, na vijana wakamwita kizibo, gunzi jipya, debe la Ipole. Hakujibu hata moja. Tangu mfuko wake ulipochanika hakuwa amenisemesha, hata chai hakuipokea mkononi mwangu. Alikuwa anaipokea kwa shangazi.

Walinikalisha kati yake na dada. Dada alikuwa chini ya khanga yake, kimya, amenishika goti, na kila tulipopanda wimbi kucha zake zilinijulisha. Wanawake waliimba, lakini kwa macho yaliyokuwa yanatazama sakafu. Tulipotoka mlango wa bandari wimbi likapiga ubavu, maji yakaruka yakatulowesha. Mjomba akafumba macho.

"Mpwa wangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kama anayo. "Hapa chini. Hebu pitisha mkono. Pakoje?"

Niliinama, nikapitisha mkono chini ya paja lake, kwenye mbao. "Pakavu, mjomba."

Tukasonga. Jabali lilikuwa mbele, jeusi, linatoa povu. Nahodha hakuwa anamtazama mtu.

"Na sasa?"

Nikapapasa tena. "Pakavu."

"Una hakika?"

Dada alikaza mkono gotini kwangu. Yeye alikuwa haruhusiwi kuuliza, nami nilijua naye anangoja jibu, na wale wanawake walikuwa wamepunguza sauti za nyimbo zao wasikie. Nikapapasa mpaka kwenye ncha ya kile kijiti, nikakizunguka kwa kidole.

"Pakavu, mjomba," nikasema. Upepo ukalibeba neno, hakuna aliyelisikia. Ikabidi nilirudie kwa sauti kubwa.